Mlinzi wa Mnara wa Kengeja na Ping Isiyorudi

Mtu akikwambia "mtandao umekufa", usimwamini. Si kwamba anakudanganya, maskini. Ameona kompyuta yake haifungui kitu, basi kwake dunia imekwisha. Muulize: umekufa wapi, tangu lini, na jirani yako naye wake umekufa? Akianza kukasirika, mwache akasirike. Mie nimekasirikiwa kazi yangu yote na leo niko nyumbani Mtambile nachambua karafuu, mzima, alhamdulillahi.

Nimestaafu juzijuzi. Vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie yale niliyoyaona. "Bi Saumu, tuandikie zile hadithi zako, tutazisoma." Nikashuku kuwa wanachotaka ni niache kuwapigia simu kila asubuhi kuwauliza kama mitambo imeamka salama. Haya, naandika, na simu nitapiga vilevile. Vyeo sitavitaja, kwa sababu sijapata kuona cheo kikirudisha mtandao wa mtu.

Nilianzia Chake Chake, kwenye chumba kimoja chenye feni iliyokuwa ikizunguka kwa hisani yake tu. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Shaame, aliyepanda nguzo za simu kisiwa kizima tangu miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi. Intaneti ilipofika Pemba ilimkuta mtu mzima, na hakuipa heshima yoyote ya pekee. Kwake ilikuwa ni simu tu, ila inaongea sana. Kiunoni alining'iniza mkono wa simu wenye vibanio viwili, wa kubania nyaya na kusikiliza, na hata tulipoacha kabisa kuutumia hakuuvua. Nilimuuliza wa nini. Akanambia kompyuta zinaweza kuondoka kama zilivyokuja.

Siku ya kwanza aliniweka mbele ya kompyuta, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akanambia niandike ping, halafu anwani ya mashine ileile niliyokuwa nimeikalia. Nikaandika. Jibu likaja papo hapo, mstari juu ya mstari. Nikatabasamu.

"Wafurahia nini?" akaniuliza. "Umejitekenya mwenyewe, ukacheka mwenyewe. Sasa mtekenye jirani."

Ndivyo alivyonifunza. Anza na mashine yako, nenda kwa jirani, nenda kwenye ruta ya mlangoni, kile kisanduku kinachopitisha mtandao, kisha nje, kisha ng'ambo ya bahari. Kila hatua ipigie ping usubiri jibu. Pale jibu lisiporudi, hapo ndipo pa kutazama, na si pengine. Nilidhani ni adabu ya kazi tu. Mzee Shaame alikuwa na maana kubwa zaidi. "Anayeruka hatua," alisema, "ndiye anayekuja kumsingizia mwenzake." Maneno hayo niliyaweka, na yalikaa muda mrefu kabla sijayahitaji.

Nyinyi mna programu zenye rangi, kijani kizima na chekundu kibovu. Nazishuku. Rangi mtu ameipaka. Amri za lile dirisha jeusi, ping, traceroute, arp na telnet, hazina uso wa kukupendeza, ndiyo maana nilikuwa nazo radhi. Lakini nazo ziulizeni mara mbili.

Kisa cha kwanza kilichonifungua macho kilitokea hapahapa Mtambile, dukani kwa Bwana Jivan, muuza vitambaa na vyombo, mtu wa Kihindi ambaye babu yake alikuwa na duka palepale. Mtandao wake ulikuwa ukija na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Nikakaa nyuma ya kaunta yake, nikapiga ping kwenye ruta yetu iliyokuwa mbali, juu ya mnara. Majibu yakarudi upesi ajabu.

"Umeona, Bi Saumu!" akasema kwa furaha. "Leo uko mbio. Umekuogopa weye."

Mie nikanuna. Jibu la kutoka mnarani lina safari yake, haliwezi kufika kama limetoka chumba cha pili. Nikaandika arp, amri inayoonyesha ni kifaa gani hasa kinachojibu kwa anwani ile. Hakikuwa chetu. Tukaufuata waya kwa mkono, tukasogeza marobota ya kanga, tukakuta tundu ukutani. Kinyozi wa jirani alikuwa amejivutia waya wake, akafunga kijisanduku chake upande wa pili, na kijisanduku kile kilikuwa na anwani ileile ya ruta yetu. Kilikuwa kikijibu salamu zisizokuwa zake.

"Lile tundu mie nikidhani la panya," akasema Bwana Jivan, na hakuuliza tena mambo ya mtandao kwa muda mrefu. Mie nikaondoka na somo: ping hukwambia kuna aliyejibu. Nani kajibu, haikwambii.

Sasa nifike Kengeja, kwa sababu najua ndiko mnakotaka nifike. Wengi mmekisikia kisa hiki nusunusu kutoka kwa watu wasiokuwapo.

Kisiwa Panza kilikuwa hakina simu ya kuaminika wakati ule. Tukaweka antena kwenye mnara wetu wa Kengeja, na nyingine ng'ambo, juu ya kituo cha afya cha Kisiwa Panza, zikitazamana juu ya maji. Kwa njia hiyo muuguzi wa kituo, Bi Riziki, aliweza kupiga simu ya kuita boti akiwa na mgonjwa mzito. Njia ilipokuwa nzima ilikuwa raha. Kisha ikaanza ugonjwa wa ajabu. Inazima asubuhi moja, inarudi yenyewe. Kesho inazima tena. Siku chache hivi, kisha inatulia kama wiki nzima, tukishaanza kuisahau inarudia.

Asubuhi moja wakati njia imezima, Bi Riziki alikuwa na mama wa mimba ya kwanza anayetoka damu. Alipiga simu, haikwenda. Alipiga tena na tena. Mwishowe mvuvi mmoja akamvusha yule mama, akafika akiwa hai, na mtoto naye hai, lakini kwa kuponea chupuchupu. Bi Riziki alipokuja ofisini hakukaa kwenye kiti tulichompa.

"Siku nyingine mgonjwa hatopona," alisema. "Mnanisikia? Nitakaa naye nikimtazama, na simu mkononi."

Nilimsikia. Namsikia mpaka leo.

Mkuu wetu, Bwana Makame, mtu wa mjini Unguja, hakuwa mbaya, lakini alipenda jambo liwe na mwenyewe. Nilipopiga traceroute kutoka Chake, ile amri inayotaja kila kituo ambacho safari inapitia, ilifika Kengeja ikakata. Bwana Makame akagonga kioo kwa kidole.

"Kengeja," akasema. "Na Kengeja kuna nani?"

Kengeja kulikuwa na Kombo, mlinzi wa mnara, mtu wa makamo, mwembamba, mkimya. Ufunguo wa chumba cha mitambo anao yeye. Maneno yalikuwa yamekwishazagaa: Kombo huchomoa redio ya Kisiwa Panza, mtambo unaoendesha ile antena, ili achaji simu za watu kwenye betri za mnara, wakimpa chochote. Ati ndiyo maana mtandao huzima siku kadhaa halafu unatulia. Ni siku zile wateja wake wamejaa. Tena kuna waliomwona nje ya lindo saa hizohizo. Bwana Makame akakata shauri: Alhamisi Kombo ataitwa Chake, atanyang'anywa ufunguo na kazi, na kutoka hapo atapelekwa polisi kwa kosa la kuhujumu. Kwa sababu ya yule mama hakuna aliyemtetea. Hata mie sikumtetea. Nilimshuku kama wengine, pengine kuwashinda. Ila nilimshuku na Bwana Makame pia, kwa sababu aliruka hatua. Kuna redio yenyewe, ile ya mnarani iliyofungwa kwenye antena inayotazama Kisiwa Panza, na redio ile ilikuwa haijibu mtu wa mbali. Kuiuliza lazima ukae kwenye waya wa hukohuko Kengeja. Hakuna aliyekwenda kuiuliza.

Jumanne nikapanda gari ya shamba alfajiri, sikumwambia mtu. Mkabala na mnara palikuwa na duka dogo lililokuwa mteja wetu, lenye waya unaotoka moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo. Nikamwambia mwenye duka nakagua waya wake, nikakaa barazani, shungi nimeliteremsha usoni, kompyuta mapajani. Nikafungua madirisha mawili. Moja linaipigia ping redio ya mnarani, hatua kumi na tano mbele yangu. Jingine linapiga ng'ambo, Kisiwa Panza. Yote mawili yakajibu. Nikasubiri nimshike mtu.

Baada ya muda Kombo akatoka. Akafunga mlango kwa kufuli, akautikisa. Mkononi ana mchokoo na kikapu. Akashika njia ya pwani, hakutazama kushoto wala kulia. Ilikuwa siku za bamvua, maji yanapwa mpaka unauona mwamba wa mbali, na watu wa kusini kote wanashuka kuchokoa pweza. Wanawake walikuwa wamekwishatangulia, na yeye akawafuata, mwanamume peke yake katika kundi lile la kanga.

Nikasema moyoni: Kombo umepatikana. Mlinzi anaacha lindo mchana kweupe. Nikazitazama ping. Zote mbili zinajibu. Hakuchomoa kitu.

Maji yakazidi kupwa. Kombo akawa kitone huko mwambani. Kisha lile dirisha la Kisiwa Panza likaanza kusitasita: jibu, kimya, jibu, kimya, kimya. Kisha kimya kitupu. Dirisha la pili, la redio ya mnarani, likaendelea kujibu kama saa ya ukutani. Redio ni nzima, umeme inao. Nikaingia ndani yake kwa telnet, nikaiuliza imewaka tangu lini. Ikanijibu haijazimwa hata mara moja tangu tulipoifunga. Nikaiuliza inamsikia mwenzake wa ng'ambo kwa nguvu gani. Ikasema inamsikia kwa mbali sana, kama mtu anayenong'ona.

Nikampigia Bi Riziki kwa simu ya mkononi, nikabahatika nikampata mara moja, sauti ikikatikakatika. Taa ya redio yake inawaka? Inawaka. Kuna aliyeigusa? Amekaa mbele yake tangu asubuhi, na asogee mtu akione. Basi redio zote mbili ni nzima, zimeamka, na hazisikilizani, na mlangoni kuna kufuli, na mwenye ufunguo yuko mwambani na mchokoo wake.

Nikakaa nikitazama kioo kisichojibu, mpaka nikasikia sauti za wanawake wanarudi. Bibi mmoja akapita barazani, doti yake ya kanga imerowa hadi magotini, akanisalimu, akasema maji yanajaa leo kwa haraka. Wakati huohuo ping ya Kisiwa Panza ikarudi.

Mie ni mtoto wa kusini. Mama yangu alikuwa hasomi herufi lakini siku za bamvua akizijua bila kutazama mwezi. Jambo linakuja siku chache, linatulia wakati wa maji mafu, yasiyopwa sana, kisha linarudi. Nilijiona mjinga kwa kuwa sikuliona kabla. Hata hivyo sadfa moja siiamini. Jumatano nikakaa Chake nikaitazama njia. Ikazima tena, ikichelewa karibu saa moja kuliko jana, sawasawa na maji yanavyochelewa.

Alhamisi Kombo akaletwa. Alivaa shati lililopigwa pasi na kofia safi, akakaa mbele ya meza ya Bwana Makame, mikono juu ya magoti, ufunguo wa mnara ameuweka mezani kabla hajaombwa. Hakunitazama. Karatasi za polisi zilikuwa tayari.

"Bwana Mkuu," nikasema, "nakuomba stahamala mpaka adhuhuri iadhiniwe. Njia ya Kisiwa Panza itazima, na Kombo amekaa hapahapa mbele yako."

"Bi Saumu, hayo ni mambo ya mganga."

"Mganga angekutaka kuku. Mie nataka kiti."

Nikageuza kioo wakione wote wawili. Ping ikarudi, ikarudi, ikarudi. Bwana Makame akatia saini barua zake nyingine. Nilianza kushuku hesabu ya maji ya mama yangu, na kama nimekosea basi huyu mtu nimemchimbia kaburi refu zaidi. Kisha jibu moja likapotea. Bwana Makame akaweka kalamu. Likapotea la pili. Kisha kimya.

Kombo alikitazama kioo, akautazama ufunguo wake mezani, akafumba macho.

Nikaeleza. Wimbi la redio huvuka kwa njia mbili, moja linakwenda moja kwa moja, jingine linadunda juu ya maji na kufika baadaye kidogo. Maji yakiwa juu, mawili hayo husaidiana. Yakishuka mpaka kina kile cha bamvua, mawimbi hayo yanafika yakigombana na kuuana. Hakuna mkono wa mtu. Dawa ni kuishusha antena yetu mnarani. Bwana Makame alidhani nimekosea, akauliza kama si kuipandisha. Nikamwambia kushusha, ili safari za mawimbi yale mawili zisipishane sana urefu. Tuliishusha wiki ile, na Bi Riziki hakukosa simu tena kwa sababu ya maji.

Lakini siku ile hatukuwa tumemaliza. Bwana Makame hakuwa mjinga. Alizichana karatasi za polisi, kisha akaniuliza taratibu:

"Nimeelewa kwamba hakuizima. Sasa niambie, weye ulikuwako Jumanne. Njia ilipozima, mlinzi alikuwa wapi?"

Kuacha lindo nako kunafukuzisha kazi. Kombo sasa akanitazama, kwa mara ya kwanza. Mie ni mtu ninayesema ninachokiona, hata kama ni cha ndugu yangu. Na nilimwona kwa macho yangu.

"Nilitumia ping, Bwana Mkuu," nikasema. "Ping inauliza mashine. Mlinzi hana anwani ya mtandao."

Akausukuma ufunguo upande wa Kombo. Kombo akauchukua, akasema "Ahsante, Bwana Mkuu," akatoka. Mie hakunambia neno, nami nikashuku kwamba hana shukrani. Ndivyo nilivyo.

Miaka ikapita. Mzee Shaame akafariki, Mungu amrehemu, na mkono wake wa simu niliurithi mie. Nilijua baadaye, kwa kuambiwa na watu, kwamba mke wa Kombo alipooza mguu baada ya uzazi, na kwamba mwenye kuchokoa pweza wa nyumba ile alikuwa yeye, mke, mpaka mguu ulipomkataa. Ndipo mume akashika mchokoo, na wanawake wakamcheka kwanza, kisha wakazoea.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda Kengeja kuaga. Kombo alikuwa bado mlinzi, nywele zimeshika mvi. Akanipa pweza mkavu aliyefungwa kwa ukili wa mkindu, nami nikasema ahsante, na kwa kuwa naondoka nikaona niseme.

"Kombo, siku ile nilikuona. Nilikuwa pale barazani dukani. Nimejifunika."

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona lini?"

"Ulivyokaa tu. Bi Saumu, mie mlinzi. Mtu akae mbele ya mnara wangu, shungi mpaka puani na waya umetoka mapajani, nisimwone?"

Nikatahayari. Nikamuuliza, basi kama aliniona, na anajua anatafutwa, kwa nini alifunga mlango akaenda pwani mbele ya macho yangu?

"Nilijua redio siigusi," akasema. "Na nilijua inazima saa zile. Ningekaa, ikazima, mngesema Kombo huyo, yumo ndani. Nikasema bora nende mbali, ajionee mwenyewe inazima nami sipo."

"Na kama ningekusema kwamba uliacha lindo?"

Kombo akainama akalifunga vizuri lile fundo la ukili, ambalo halikuwa limefunguka.

"Hilo nilikuachia weye," akasema.